Haya na Fedheha: Kukisoma Kibao cha Shingoni

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, hebu tuanze na maneno mawili. Mara nyingi husahihisha majibu yanayodai kwamba mhusika fulani "aliona haya", ilhali matini yaonyesha waziwazi kwamba mhusika huyo alifedheheshwa. Wanafunzi huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha, nayo si pacha hata kidogo. Haya ni sifa ya mtu. Hutoka ndani yake na humzuia kutenda lisilofaa hata akiwa peke yake gizani. Ndiyo maana Mswahili akitaka kumtukana mwenziwe tusi zito bila ya kutaja kiungo chochote cha mwili humwambia tu, "Huna haya." Fedheha nayo ni jambo ambalo mtu hutendwa. Hutoka nje, na haikamiliki mpaka wawepo watu wa kuitazama.

Makala haya yanahusu adhabu za kufedhehesha wanazopewa watoto shuleni: kuvishwa kibao shingoni, kupigishwa magoti mbele ya gwaride la asubuhi, kusomewa alama kwa sauti huku wenzao wakicheka, kuitwa majina ya wanyama. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu fimbo. Machache yameandikwa kuhusu adhabu hizi ambazo hazimwachi mtoto na alama mwilini, na machache zaidi yameandikwa na sisi walimu wa Kiswahili, ambao kazi yetu ni maneno. Tunakusudia kuonyesha kwamba adhabu ya fedheha ina muundo wake kama ulivyo utungo wowote, kwamba nguzo ya muundo huo ni hadhira, na kwamba fedheha huiua haya ile ile inayodai kuifunza. Mifano yetu mingi tutaichota Mombasa, kwa sababu huko ndiko lugha yetu yenyewe ilikogeuzwa kuwa kosa.

Kilindini na lugha iliyoadhibiwa kwao

Kwa wasafiri wengi wa leo Kilindini ni bandari tu: makreni, makontena na feri ya Likoni ikikata mkondo. Lakini jina hili ni kongwe kuliko bandari. Wakilindini ni mojawapo ya Thalatha Taifa, pamoja na Watangana na Wachangamwe. Hao wakijumlishwa na Tisa Taifa ndipo tunapopata yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Lahaja ya kisiwa hiki ni Kimvita. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, aliitungia lahaja hii mashairi ambayo mpaka leo tunayachambua darasani. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 aliifanyia kazi kwa miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa mwaka wa 1882. Ahmad Nassir Juma Bhalo alipochapisha diwani yake mwaka wa 1971 hakuona aibu kuiita Malenga wa Mvita.

Pamoja na utajiri huo, historia ilikuwa na mpango mwingine. Mwaka wa 1928 wajumbe wa maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza Afrika Mashariki walikutana papa hapa Mombasa, wakaamua kwamba Kiunguja, wala si Kimvita, ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha iliyosimamia kazi hiyo ikaanza shughuli zake mwaka wa 1930. Sina nia ya kufufua ugomvi wa lahaja. Usanifishaji umetupa vitabu, mitihani na hata jarida hili. Ninachotaka uone, msomaji, ni hali ya mtoto wa Mji wa Kale aliyeingia shule ya kisasa baada ya hapo. Alikuwa na makosa mawili mdomoni kabla hajafungua daftari. Akizungumza Kiswahili uwanjani katika shule iliyotaka Kiingereza pekee, amevunja amri. Akisema "ndia" badala ya "njia", au "mato" badala ya "macho", katika kipindi cha Kiswahili chenyewe, amevunja amri nyingine. Ikumbukwe kwamba nchini Kenya Kiswahili kilikuja kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule zote mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Kabla ya hapo mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ambayo shule haikumlazimu hata kuijifunza.

Chombo cha adhabu hiyo kinajulikana na karibu kila Mkenya aliyesoma. Wengine hukiita diski, wengine monto. Mara ni kibao cha mti, mara ni kipande cha bati, mara ni mfupa uliotobolewa na kutiwa kamba. Akamatwaye akisema lugha iliyokatazwa hukivaa, naye hukaa macho na masikio wazi mpaka amnase mwingine wa kumpokeza. Jioni ikifika, aliyebaki nacho huadhibiwa, na aghalabu hutakiwa amtaje aliyempa, naye huyo amtaje aliyemtangulia, hadi mlolongo mzima ujulikane.

Kibao kama matini

Sasa tukisome kibao hiki kama tunavyosoma utungo wowote, kwa istilahi tunazowafundisha wanafunzi wetu kila siku.

Kwanza, usimulizi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu ukoloni wa kiakili, anaeleza kwamba vibao vya chuma vilivyovishwa wanafunzi wa enzi yake viliandikwa maneno yaliyomtangaza mvaaji kuwa ni mjinga au ni punda. Litazame jambo moja ambalo ni rahisi kulipita: maneno hayo yalikuwa katika nafsi ya kwanza. Kibao hakikusema "huyu ni punda". Kilisema "mimi". Mtoto alifanywa msimulizi wa tusi lake mwenyewe. Aliyeyatunga maneno alijificha nyuma ya shingo ya asiyeyatunga. Tunapowafundisha wanafunzi kuhusu msimulizi wa nafsi ya kwanza huwaambia kwamba nafsi hiyo humkurubisha msomaji na moyo wa mhusika. Hapa inafanya kinyume chake: inamnyang'anya mhusika moyo wake na kumtilia mwingine.

Pili, jazanda. Kwa nini punda? Katika mitaa ya Mji wa Kale, kama ilivyo Lamu, punda ni mbeba mizigo ambaye hupigwa bila ya kuulizwa. Hana lugha. Mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mamaye anaitwa mnyama asiyesema. Hiyo ni kinaya iliyokamilika: kosa lake ni kusema, na adhabu yake ni kuambiwa kwamba hana usemi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, hadhira. Ondoa watazamaji, kibao kinabaki kipande cha mti. Mtoto angelikivaa peke yake chumbani, kingemkera shingo tu. Kinapata maana yake pale wenzake wanapomtazama, wanapomnong'ona, wanapokwepa kukaa naye wasije wakanaswa. Adhabu ya fedheha haina mtendaji mmoja na mtendwa mmoja kama ilivyo fimbo. Inawaajiri darasa zima. Wale arobaini waliokaa wakicheka nao wameingizwa mchezoni bila ya kuombwa ridhaa, na wanajifunza somo ambalo halimo katika silabasi: kwamba usalama wa mtu ni aibu ya mwenziwe. Mlolongo wa kutajana jioni unazidisha hayo. Mtoto anafunzwa kumsikiliza rafikiye kwa nia ya kumshika.

Usidhani kwamba chombo hiki kilibuniwa kwetu. Katika karne ya 19 watoto wa Wales walivishwa kipande cha mti kilichochongwa herufi mbili kwa kosa la kusema Kiwelshi, nacho kilipita shingo hadi shingo vivyo hivyo hadi mwisho wa siku. Watoto wa Brittany, nchini Ufaransa, walikuwa na chao kwa kosa la kusema Kibretoni. Mahali ni mbali na lugha ni mbali, ila muundo ni ule ule: msimulizi wa kulazimishwa, kejeli, na hadhira iliyoajiriwa.

Je, wazee wetu?

Hapa msomaji wa Pwani huenda akauliza: kwani kwetu hatukuwa na ukali? Tulikuwa nao, na mhakiki mwaminifu hapaswi kuupaka chokaa. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha mwaka 1903 ambacho sehemu kubwa ya maelezo yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kinasimulia habari za kumtia mtoto chuoni, wala hakifichi kwamba fimbo ilikuwa sehemu ya elimu. Bakora ya mwalimu wa chuo inakumbukwa na wengi waliokulia Mji wa Kale. Aidha, utamaduni wetu una sanaa kamili ya kuaibishana. Kuna kusutana, kuna majina ya kanga yanayotumwa kwa jirani kama mishale, kuna mashairi ya kujibizana. Muyaka mwenyewe aliwarushia mahasimu wa Mombasa maneno makali hadharani.

Hata hivyo tofauti ipo, na inafaa kuonyeshwa kwa makini. Anayesutwa anaweza kusuta. Anayetungiwa shairi anaweza kutunga jawabu, na historia ya ushairi wetu imejaa majibu ya namna hiyo. Watu wawili wazima, wenye ndimi mbili, wanapambana mbele ya hadhira ambayo itaamua nani mshindi. Mtoto aliyesimamishwa mbele ya gwaride hana zamu ya kujibu. Akijibu, hilo ni kosa la pili. Malumbano yasiyo na zamu ya pili hayastahili kuitwa malumbano.

Utamaduni huo huo wa Pwani una neno jingine ambalo twapaswa kulirejesha katika mjadala huu, nalo ni sitara. Kumsitiri mwenzio, kumfunika asionekane katika unyonge wake, ni katika matendo yanayosifiwa sana na Waswahili. Mtu huombewa stara kabla ya kuombewa mali. Tazama Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858. Wahakiki wamebishana sana, na wana haki, kuhusu nafasi ya mwanamke katika utenzi huo. Lakini acha kwanza ujumbe, utazame kikao. Mama mgonjwa anamwita bintiye karibu, na karatasi na wino viko tayari. Yapo mafunzo makali katika beti zinazofuata, na yote yanatolewa na mama kwa mwanawe aliyemkalia kando. Huo ndio mfano wetu wa kale wa kumrekebisha mtoto: kumwita karibu. Kibao kinafanya kinyume. Kinamsimamisha mbele, na kumweka mbali.

Methali tunazozipinda

Tatizo kubwa katika insha za wanafunzi wetu, na wakati mwingine katika hotuba zetu wenyewe, ni kuzifanya methali ziwe mawakili wa fedheha. Tuchukue chache.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hii hutajwa kila adhabu inapotetewa. Lakini inazungumzia kilio. Inasema mzazi asiogope kumnyima mtoto jambo au kumkanya kwa sababu tu atalia. Haisemi kwamba mtoto alizwe mbele ya watu, wala haisemi kwamba achekwe akilia.

"Samaki mkunje angali mbichi." Kitenzi cha methali hii ni kukunja. Mvuvi wa Kilindini atakwambia kwamba samaki hukunjwa taratibu, kwa mkono ulioloa. Akilazimishwa kwa nguvu hupasuka hata akiwa mbichi. Mwanafunzi anayeitumia methali hii kutetea ukatili amekisoma kivumishi na kukisahau kitenzi.

"Maneno makali hayavunji mfupa." Hii ni kweli kuhusu mifupa. Wahenga hao hao walisema pia kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Methali zetu hupingana kwa makusudi, na kazi ya mhakiki ni kupima ipi inaafiki muktadha upi. Mwanafunzi afunzwe kwamba kutaja methali bado si kutoa hoja. Ni kufungua hoja tu.

"Sikio la kufa halisikii dawa." Tunawaambia hivi watoto walioadhibiwa mara nyingi bila ya kubadilika. Tunawaita sugu. Lakini hebu tujiulize usugu hutoka wapi. Mkono wa kuli huota sugu mahali paliposuguliwa. Ngozi inajikinga kwa kupoteza hisia. Mtoto aliyefedheheshwa mara kumi hujifunza namna ya kutohisi mara ya kumi na moja. Ndipo tunapomtazama akitabasamu mbele ya gwaride na kusema, "Huyu hana haya." Tumesema kweli bila ya kujua. Alikuwa nayo, tukaisugua hadi ikafa ganzi.

Mhusika aliyeaibika

Fasihi ya Kiswahili haikulinyamazia suala hili. Katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuwahi kutahiniwa katika KCSE, mna hadithi ya "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro. Kijana Samueli anakwenda shuleni kuchukua matokeo ya mtihani wake katika ofisi ya mwalimu mkuu. Ameanguka. Anajua wazazi wanatarajia nini. Aibu hiyo inamwelemea hadi anajaribu kujitosa bwawani, naye anaokolewa.

Majibu mengi ya watahiniwa huishia kusema kwamba dhamira ya hadithi ni umuhimu wa bidii masomoni, au athari za kushindwa mtihani. Hayo yamo, lakini mhakiki aende hatua moja zaidi. Kufeli peke yake hakumfikishi mtu bwawani. Kinachomfikisha ni macho ya watu anayoyaona mbele yake kabla hajafika nyumbani. Samueli anaibeba hadhira kichwani. Hata akiwa njiani peke yake, haoni upweke, anaona kutazamwa. Hivyo ndivyo fedheha inavyofanya kazi ikikomaa: haihitaji tena gwaride, kwa kuwa gwaride limehamia ndani ya mtoto. Mwanafunzi akiweza kuieleza hoja hii kwa ushahidi wa matini, ataandika jibu ambalo msahihishaji atalikumbuka.

Sheria yasemaje

Si vizuri mwalimu wa fasihi ajifanye wakili, lakini kuna jambo moja katika historia ya sheria zetu linaloafiki hoja yetu barabara. Kanuni za Nidhamu Shuleni za mwaka wa 1972 ziliruhusu viboko nchini Kenya, tena kwa masharti: visizidi sita, uchunguzi ufanywe kwanza, kumbukumbu iwekwe. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba mwanafunzi asichapwe mbele ya wanafunzi wengine. Fikiria hilo, mwalimu mwenzangu. Hata sheria iliyoikubali fimbo ilitambua kwamba kutazamwa ni adhabu nyingine juu ya adhabu, na ikaikataza. Ni wangapi kati yetu waliosoma miaka hiyo walichapwa faraghani?

Viboko vyenyewe vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya dhuluma, ukatili wa aina zote na adhabu zisizo za kibinadamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia, na mkosaji anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Neno "kisaikolojia" katika sheria hiyo ndilo linalokigusa kibao. Fimbo ilipotolewa mlangoni, baadhi yetu tuliichukua fedheha tukaiingiza kwa dirishani, tukijiambia kwamba hatukumgusa mtoto.

Neno "matozi"

Nisingekuwa na uso wa kuyaandika haya bila ya kusimulia langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya kisiwani ambayo sitaitaja, nilikuwa na msichana kutoka Mji wa Kale aliyeandika insha ndefu, zenye watu wanaosema kama wanavyosema barazani. Siku moja aliandika kwamba bibi mmoja alifuta matozi kwa ncha ya buibui. Niliisoma sentensi hiyo darasani kwa sauti, nikalivuta lile neno, nikainua nyusi. Darasa likacheka. Sikumpiga. Sikumtukana. Nilimwambia kwa upole kabisa aandike "machozi", nikamrudishia daftari.

Insha yake iliyofuata ilikuwa nusu ukurasa. Haikuwa na kosa hata moja la sarufi, wala haikuwa na bibi, wala buibui, wala baraza. Aliendelea kuandika nusu ukurasa mpaka mwisho wa mwaka, nami nikampa alama nzuri, kwa kuwa makosa hayakuwapo ya kukatia.

Mwaka uliofuata nilifundisha mashairi ya kale katika kidato cha nne. Nikasimama ubaoni nikiwaeleza wanafunzi kwa fahari kwamba "matozi" ni mfano wa lahaja unaotumiwa na malenga kuleta ladha na mnato. Nilikuwa katikati ya sentensi niliposikia nilichokuwa nikisema. Neno lile lile lilikuwa uhuru wa mshairi katika kitabu, na kichekesho katika daftari la mtoto. Tofauti ilikuwa nani ameliandika, na nani alikuwa na uwezo wa kuwaambia watu wacheke.

Sikuwahi kumwomba radhi. Nilipokuwa na ujasiri wa kutosha alikuwa amekwisha kuondoka shuleni. Naandika haya kwa sababu hiyo, na kwa sababu nina hakika kwamba sikuwa mwalimu mkali. Wanafunzi walinipenda. Fedheha haihitaji mwalimu mkatili. Inahitaji tu mwalimu anayependa kicheko cha darasa kuliko anavyompenda anayechekwa.

Tufanyeje basi?

Najua jibu litakalotoka katika vyumba vya walimu: darasa lina wanafunzi zaidi ya hamsini, silabasi haingoji, na nidhamu ikilegea ni mwalimu anayelaumiwa. Najua pia kwamba wapo walimu wanaokaripiwa na wakubwa wao mbele ya wanafunzi hao hao, na fedheha hufuata mteremko kama maji. Sitaahidi dawa. Nitapendekeza mambo matatu ambayo nimeyajaribu.

La kwanza, tenganisha kosa na hadhira. Kosa la mmoja lisahihishwe kwa mmoja, mezani kwako au pembezoni mwa daftari. Kosa linalowahusu wengi liandikwe ubaoni bila ya jina la mtu.

La pili, usiigeuze lahaja kuwa dhambi. Mwambie mtoto kwamba "ndia" ni Kiswahili cha kwao, na "njia" ni Kiswahili cha mtihani, naye ana haki ya kuwa na vyote viwili. Hilo ni somo zima la isimu jamii kwa sentensi moja.

La tatu, ukifundisha methali za malezi, fundisha na zinazopingana nazo.

Kwa mtahiniwa

Ukiulizwa ujadili suala la adhabu au haki za watoto katika kazi yoyote, usikimbilie kuhubiri. Msahihishaji hatafuti mahubiri. Jiulize maswali haya, ukiyajibu kwa ushahidi kutoka matinini:

1. Adhabu inatolewa wapi, na nani anatazama? Je, watazamaji wanabadilika baada ya kutazama?

2. Aliyeadhibiwa ana nafasi ya kujibu? Kama hana, mwandishi anamsemea kwa njia gani: uzungumzi nafsia, ishara, au kimya?

3. Ni jina gani, lakabu gani au jazanda gani inayotumiwa kumtweza mhusika? Ni nani aliyeitunga, na ni nani anayelazimika kuibeba?

4. Baada ya adhabu, haya ya mhusika inazidi au inakufa? Thibitisha kwa matendo yake, si kwa maneno ya mwadhibu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba adhabu ya kufedhehesha ni utungo unaoandikwa juu ya mwili wa asiyeutunga na kusomwa na wasiouomba. Tumeonyesha pia kwamba lugha yetu ina misamiati miwili ya malezi: ule wa haya na sitara, na ule wa fedheha na usugu. Sisi walimu wa Kiswahili tuna wajibu wa ziada katika jambo hili, kwa kuwa zamani lugha yetu ndiyo iliyokuwa kosa lililoandikwa kwenye kibao, na leo tunayo mamlaka ya kuwavisha wengine. Kesho asubuhi, mwalimu mwenzangu, utakapofungua rundo la madaftari na kukutana na neno la nyumbani kwa mtoto, kabla hujainua nyusi, mwite karibu umwulize limetoka wapi.